Nauli ya lori kati ya Mombasa na Nairobi: Hesabu ni ya siku, si ya kilomita pekee

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni biashara chache zinazothibitisha methali hii kama uchukuzi wa shehena kwa malori baina ya Mombasa na Nairobi. Mwenye lori huliona gari lake likienda na kurudi kila wiki, dereva analipwa, mafuta yananunuliwa, lakini mwishoni mwa mwaka hana hata fedha za kubadilisha matairi.

Upande wa pili yupo mfanyabiashara aliyezunguka mji mzima akitafuta nauli ya chini kuliko zote. Aliipata, lakini mzigo wake ukafika baada ya wiki nzima, magunia mengine yakiwa yamelowa na mengine hayaonekani.

Aghalabu wawili hawa huwa wametenda kosa moja. Walipatana bei kwa kutazama umbali wa safari, wakasahau kuhesabu siku ambazo lori lingetumika. Makala haya yanaeleza jinsi safari hiyo inavyopangwa na jinsi nauli inavyokadiriwa, ili mwenye lori ajue asishuke chini ya kiwango gani, naye mwenye mzigo ajue anacholipia.

NJIA NA MUDA WA SAFARI

Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ni sehemu ya barabara kuu ya A8 na ya Ukanda wa Kaskazini, ambao pia huzihudumia Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Urefu wake ni takriban kilomita 485. Lori likitoka Mombasa hupitia Mazeras, Mariakani, Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud na Athi River. Mji wa Mtito Andei uko karibu katikati ya safari.

Hata hivyo, kilomita hizo hazisemi yote. Lori huanzia katika usawa wa bahari na kumalizia katika jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu yake. Kwa kuwa shehena nyingi ni ya kutoka bandarini, lori hupanda likiwa limejaa na kushuka likiwa tupu. Ndiyo maana mafuta ya kwenda hayalingani na ya kurudi, na anayekadiria safari zote mbili kwa kipimo kimoja hujidanganya.

Jambo la pili ni sheria. Malori makubwa yanatakiwa kuwa na vidhibiti mwendo na yasizidi kilomita 80 kwa saa. Aidha, Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kipindi cha saa 24.

Ukizingatia miinuko, misururu ya malori na vituo vya kupimia uzani, wastani wa kilomita 50 kwa saa ni kipimo cha haki kwa lori lililojaa. Kwa mwendo huo, safari ya kwenda huhitaji karibu saa 10 za kushika usukani. Maana yake ni kwamba dereva mmoja hawezi kuimaliza kwa siku moja bila kuvunja sheria. Lazima alale njiani, au awepo dereva wa pili ambaye naye atalipwa.

Kwa hivyo anayemtaka dereva atoke Mombasa jioni na kuwa Nairobi alfajiri anamwomba aendeshe akiwa na usingizi. Gharama ya ombi hilo haiandikwi kwenye ankara, ila hulipwa na dereva, na abiria wa matatu anayekuja mbele yake, na familia zao.

Mpango mzuri ni huu. Siku ya kwanza lori lipakiwe asubuhi, liondoke adhuhuri na kulala Mtito Andei au karibu na hapo. Siku ya pili lifike Nairobi mchana na kushusha. Likimaliza mapema, dereva bado ana saa mbili au tatu za kisheria, hivyo anaweza kurudi hadi Emali au Makindu. Siku ya tatu afike Mombasa.

Siku tatu hizo huwezekana tu iwapo mzigo uko tayari, hati zimekamilika na wapakuaji wanasubiri. Kwa kawaida jambo moja au jingine hukwama na safari ikawa ya siku nne. Yakikwama mengi, huwa sita. Tofauti hiyo ya siku ndiyo kiini cha hesabu yote, kama tutakavyoona.

UZANI UNAORUHUSIWA

Kabla ya kuuliza bei, mwenye mzigo anapaswa kujua uzani na ukubwa wa bidhaa zake. Lori hujaa kwa njia mbili: kwa uzani au kwa nafasi. Saruji, mchele, mbolea na vyuma hufikisha kikomo cha uzani trela likiwa bado lina nafasi. Magodoro na vyombo vya plastiki hujaza trela kabla ya kufika hata tani 10. Mwenye magodoro hawezi kudai alipe kwa tani, kwa kuwa amelichukua lori zima.

Uzani unadhibitiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo ya magari, inayosimamiwa nchini na Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA). Lori lenye ekseli saba haliruhusiwi kuzidi tani 56 kwa jumla. Kila ekseli au kundi la ekseli lina kikomo chake: ekseli ya usukani tani 8, kundi la ekseli mbili zenye matairi pacha tani 18, na kundi la ekseli tatu za aina hiyo tani 24.

Lori la kawaida la ekseli sita, yaani kichwa chenye ekseli tatu na trela lenye ekseli tatu, hujumlisha 8, 18 na 24 kupata tani 50. Ikiwa kichwa na trela vina tani 17 vikiwa tupu, zinabaki tani 33 za mzigo. Mzigo ukiwa ndani ya kontena, toa pia uzani wa kontena lenyewe, ambao ni zaidi ya tani 2 kwa la futi 20 na karibu tani 4 kwa la futi 40.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba lori laweza kuwa ndani ya jumla inayoruhusiwa na bado likakosea, kwa sababu mzigo umerundikwa upande mmoja na ekseli moja imezidiwa. Upakiaji ni kazi ya ujuzi, wala si kutupia magunia tu.

Kwenye barabara hii, mizani mikuu iko Mariakani, karibu kilomita 35 kutoka Mombasa, na Athi River karibu na Nairobi. Lori linaloonekana kuzidisha huelekezwa kwenye mizani ya kusimama, na likithibitika hutozwa faini na huzuiwa kuendelea hadi mzigo upangwe upya au upunguzwe. Hapo siku nyingine imekwenda.

Wapo wanaoiona sheria hii kuwa usumbufu wa serikali. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hauongezeki sambamba na uzani wa ekseli, bali hukaribia kuongezeka kwa kipeo cha nne. Ekseli inayopaswa kubeba tani 10 ikibebeshwa 12, uzani umezidi kwa asilimia 20 pekee, lakini barabara huumia takriban maradufu. Mashimo hayo hupasua matairi ya malori yale yale yaliyoyachimba.

GHARAMA ZA AINA MBILI

Mwenye lori ana gharama za aina mbili, na ni muhimu asizichanganye.

Za kwanza ni gharama za mwendo, ambazo huwepo lori linapotembea: dizeli, matairi, oili, vipuri, posho ya dereva na utingo wakiwa njiani, na ada za maegesho. Lori likilala yadini, nyingi kati ya hizi hukoma.

Za pili ni gharama za kudumu, ambazo hazijali kama lori linatembea au limesimama: marejesho ya mkopo wa benki, uchakavu wa gari, mishahara, bima, leseni, ukaguzi, mtambo wa kufuatilia lori na gharama za ofisi. Benki haiulizi kama wiki iliyopita lori lilikwama kwenye foleni. Inachotaka ni fedha zake mwisho wa mwezi.

Wanaofilisika katika biashara hii mara nyingi huhesabu za kwanza na kusahau za pili. Baada ya kununua mafuta na kumlipa dereva, huona fedha zimebaki mkononi na kuziita faida. Kumbe wanakula lori lenyewe polepole, na siku injini inapodai kufanyiwa marekebisho makubwa, hapana cha kulipia.

MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kuhesabu, si bei rasmi za soko. Kila msomaji aweke zake.

Mfanyabiashara ana magunia 540 ya mchele ya kilo 50 kila moja, yaani tani 27, katika ghala la Shimanzi, Mombasa. Anataka yafike Eneo la Viwandani, Nairobi. Lori ni la ekseli sita lenye matairi 22. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya mijini, ni kilomita 1,000.

Dizeli: lori likiwa na mzigo hupata kilomita 2 kwa lita, hivyo kilomita 500 hula lita 250. Likirudi tupu hupata karibu kilomita 3 kwa lita, tuseme lita 170. Jumla ni lita 420. Lita ikiuzwa Sh170, mafuta ni Sh71,400.

Matairi: ikiwa kila moja ni Sh35,000 na hudumu kilomita 70,000, matairi 22 ni Sh770,000, sawa na Sh11 kwa kila kilomita. Kwa safari hii ni Sh11,000. Fedha hizi hazitoki mfukoni leo, na ndiyo maana wengi huzisahau.

Oili na vipuri: Sh9 kwa kilomita, yaani Sh9,000. Posho ya dereva na utingo ni Sh8,000. Maegesho, simu na mengineyo ni Sh2,600.

Gharama za mwendo kwa jumla ni Sh102,000.

Sasa tuzitazame za kudumu. Tuseme kwa mwezi mkopo na uchakavu ni Sh180,000, mishahara Sh60,000, bima Sh35,000, na leseni, ukaguzi, mtambo wa kufuatilia na ofisi Sh25,000. Jumla ni Sh300,000. Mwezi ukiwa na siku 25 za kazi, kila siku ya lori ina thamani ya Sh12,000, litembee lisitembee.

Safari ikimalizika kwa siku tatu, ongeza Sh36,000, nayo gharama kamili ni Sh138,000. Ikichukua siku nne ni Sh150,000. Ikichukua siku sita ni Sh174,000. Kilomita ni zile zile 1,000, mafuta ni yale yale, dereva ni yule yule, lakini kati ya safari njema na mbaya kuna tofauti ya Sh36,000.

Mwenye lori mwenye busara hupanga kwa siku nne na kuongeza faida, tuseme asilimia 10. Atatoa bei ya Sh165,000, sawa na takriban Sh306 kwa gunia, kabla ya ushuru wa VAT. Safari ikichukua siku tatu atapata faida ya Sh27,000. Ikichukua sita atapata hasara ya Sh9,000.

Mteja akimshusha hadi Sh140,000, mwenye lori atapata faida ya Sh2,000 iwapo kila kitu kitakwenda sawa, na hasara ya Sh10,000 katika safari ya kawaida. Mteja hufurahi kwa kuwa ameokoa Sh25,000. Lakini mwenye lori atalazimika kuzirudisha mahali fulani. Atamharakisha dereva, au atatumia matairi yaliyochakaa, au ataongeza mzigo wa mtu mwingine juu ya mchele huo.

Kishawishi cha kuzidisha mzigo huanzia hapa. Magunia 100 zaidi ni tani 5, na kwa bei ya Sh306 kwa gunia huonekana kuleta Sh30,600 za bure. Tani 27 na 5 ni 32, na katika mfano wetu bado ziko ndani ya tani 33. Lakini ukiwa umekwishapakia tani 32 na kuongeza 5 nyingine, unaelekea Mariakani ukiwa na tani 4 za kesi.

Mwenye mzigo naye asijione hayumo. Kupunguza siku ni jambo lililo mikononi mwake kuliko mikononi mwa mwenye lori. Akihakikisha mzigo uko tayari, hati zimepigwa mihuri na wapakuaji wapo, anaweza kuomba bei ya siku tatu kwa haki. Akilifanya lori la mtu kuwa ghala lake kwa siku mbili, Sh24,000 zimeungua, na ni haki azilipe.

MZIGO WA KURUDI

Bandari hupokea bidhaa nyingi za kutoka nje kuliko zinazosafirishwa nje. Kwa sababu hiyo malori mengi hurudi Mombasa matupu, na nauli ya kwenda hulazimika kulipia safari mbili.

Mizigo ya kuteremka ipo. Kuna majani chai yanayopelekwa kwenye maghala ya Mombasa, ambako mnada wa chai hufanyika, kuna kahawa, na kuna bidhaa za viwanda vya Nairobi na Athi River zinazouzwa Pwani. Kwa kuwa malori yanayoitafuta ni mengi, nauli yake huwa ya chini.

Je, yafaa kuusubiri? Tuseme kuna mzigo wa kurudi unaolipa Sh40,000. Mafuta ya ziada ni lita 30, yaani Sh5,100, na wapakiaji ni Sh3,400. Zinabaki Sh31,500. Mzigo ukipatikana siku hiyo hiyo, ni baraka. Lori likisubiri siku mbili, Sh24,000 zimekwenda na faida ni Sh7,500 tu. Likisubiri siku ya tatu, kuna hasara ya Sh4,500, na ingekuwa heri lirudi tupu.

Kanuni ni rahisi: chukua nauli ya kurudi, toa gharama za ziada, kisha gawanya kwa thamani ya siku moja ya lori. Jibu ndilo idadi ya siku unazoweza kusubiri. Katika mfano huu ni 31,500 kwa 12,000, yaani siku mbili na nusu. Aliye na mteja wa kudumu katika kila mji hushinda zabuni nyingi, si kwa sababu analipa mafuta kidogo, bali kwa kuwa lori lake halisubiri.

BEI YA MAFUTA

Katika mfano wetu, dizeli ni karibu nusu ya gharama ya safari ya siku nne. Tangu Desemba 2010, bei ya juu zaidi ya mafuta nchini imekuwa ikitangazwa kila mwezi, tarehe 14, na jukumu hilo sasa liko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Bei hiyo hubadilika kutokana na soko la dunia, thamani ya shilingi na ushuru.

Ushuru peke yake huweza kuivuruga mikataba. Mnamo Julai 2023, VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mnamo Julai 2024, ada ya kukarabati barabara iliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Aliyekuwa ametia sahihi mkataba wa mwaka mzima kwa nauli isiyobadilika aliyabeba mabadiliko hayo peke yake.

Dawa yake ni kuandika katika mkataba bei ya dizeli iliyotumiwa kukadiria nauli na kiasi cha lita. Kwa safari ya lita 420, kila shilingi moja inayoongezeka kwa lita huongeza gharama kwa Sh420. Dizeli ikipanda kwa Sh10, nauli ipande kwa Sh4,200. Ikishuka kwa kiasi hicho, ipunguzwe vivyo hivyo. Mteja akiona kipengele hicho kinafanya kazi pande zote mbili, hana sababu ya kukikataa.

KONTENA NA RELI

Mzigo ukisafirishwa ndani ya kontena la kampuni ya meli, kuna saa nyingine inayohesabu. Kontena hilo si la mwenye mzigo. Amepewa siku kadhaa bila malipo, na zikipita hutozwa kwa kila siku hadi litakaporudishwa. Bandari nayo hutoza ada ya kuhifadhi mzigo baada ya muda wake wa bure. Ni muhimu kukubaliana mapema nani atalirudisha kontena, wapi, na kufikia tarehe gani. Fahamu pia kwamba lori linalorudisha kontena tupu limejifunga, haliwezi kuchukua mzigo wa kurudi.

Kuna pia reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba mizigo mnamo Januari 2018. Mwaka wa 2019 serikali iliagiza mizigo inayoingia nchini isafirishwe kwa reli, hatua iliyopingwa vikali na wenye malori na wakazi wa Mombasa ambao biashara zao hutegemea malori hayo. Mahakama Kuu iliamua mnamo 2020 kwamba agizo hilo lilikiuka sheria, na mnamo Septemba 2022 Rais William Ruto alitangaza kurejeshwa kwa shughuli za kuidhinisha mizigo bandarini Mombasa.

Anayelinganisha reli na barabara asilinganishe nauli ya treni na nauli ya lori moja kwa moja. Treni humwacha kituoni Embakasi. Ni lazima aongeze gharama ya kushusha na kupakia tena, nauli ya lori dogo hadi ghalani, na siku za kusubiri. Mwenye makontena mengi mazito anaweza kuona reli inamfaa. Mwenye magunia 540 yanayotoka Shimanzi huenda akaona lori lililompakia mlangoni na kumshushia mlangoni ni nafuu zaidi, hata kama nauli yake ni ya juu.

BIMA NA HATI

Wengi hudhani lori lenye bima lina bima ya kila kitu kilichomo. Sivyo. Bima ya gari inayotakiwa kisheria hulinda watu wengine wanaoumizwa na gari hilo. Mzigo huhitaji bima yake ya bidhaa zilizo safarini. Mwenye mzigo aombe kuiona, athibitishe tarehe yake na kiwango chake cha juu. Bima ya Sh3 milioni haimsaidii mwenye shehena ya Sh5 milioni.

Kwa bidhaa kutoka ng'ambo, tangu Januari 2017 waagizaji wametakiwa kuchukua bima ya baharini kutoka kampuni za humu nchini. Inafaa kuuliza kama bima hiyo inakoma bandarini au inafika hadi ghala la Nairobi.

Mzigo unapokabidhiwa, hati ionyeshe idadi, uzani, hali ya bidhaa na nambari ya lakiri, na itiwe sahihi na dereva. Unapopokelewa, mpokeaji ahesabu kabla ya kutia sahihi yake. Hati isiyo na maandishi ya upungufu ni ushahidi kwamba hapakuwa na upungufu.

Iwapo lori limepatikana kupitia kwa dalali, hakikisha nambari ya usajili wa kichwa na ya trela, leseni na kitambulisho cha dereva, kisha umpigie simu mwenye lori mwenyewe. Nauli ya chini mno kutoka kwa mtu asiye na ofisi huenda ni chambo cha kuupata mzigo, wala si punguzo.

MALIPO

Nauli nzuri inayolipwa kwa kuchelewa huweza kumwangusha mwenye lori kama nauli mbaya. Katika mfano wetu, Sh102,000 hutumika kila safari, nyingi zikilipwa taslimu. Kwa safari sita kwa mwezi ni Sh612,000. Mteja akilipa baada ya siku 30, mwenye lori amemkopesha kiasi hicho. Akilipa baada ya siku 60, amemkopesha zaidi ya Sh1.2 milioni, huenda kwa fedha ambazo yeye mwenyewe amezikopa kwa riba.

Ndiyo maana ni desturi ya haki mteja kutanguliza sehemu ya nauli inayotosha mafuta, na salio kulipwa kwa tarehe iliyoandikwa baada ya hati ya kupokelewa kwa mzigo kuwasilishwa. Anayetaka mkopo wa siku 60 akubali kwamba utaonekana kwenye bei.

MASWALI YA KUJIBU KABLA YA KUPATANA

Pande zote mbili zikijibu maswali haya kwa maandishi, magomvi mengi hayatazaliwa.

1. Mzigo ni wa uzani gani hasa, unachukua nafasi kiasi gani, na thamani yake ni shilingi ngapi?

2. Unapakiwa wapi na kushushwa wapi, saa ngapi, na nani anawalipa wapakiaji na wapakuaji?

3. Lori litasubiri bila malipo kwa saa ngapi kila upande, na baada ya hapo siku moja ni shilingi ngapi?

4. Nauli imekadiriwa kwa bei gani ya dizeli, na itabadilikaje bei hiyo ikipanda au kushuka?

5. Je, bei inajumuisha VAT, bima ya mzigo na kurudishwa kwa kontena?

6. Faini ya kuzidisha uzani italipwa na nani iwapo mwenye mzigo alitaja uzani usio wa kweli?

7. Sehemu gani inatangulizwa, na salio litalipwa tarehe gani?

Swali la tatu ndilo ambalo wengi huliruka, nalo ndilo linaloamua nani atalipia siku zilizopotea. Lisipojibiwa mapema, jibu lake hutafutwa lori likiwa limekwishasimama getini kwa siku ya tatu, na hapo kila mmoja huwa na hesabu yake.